Glavu za Vitobo

Jina lake silitaji kwa sababu ni langu pia. Huku kwetu Mombasa watu wawili wenye jina moja huitana somo, na tangu ulimi wangu ulipoweza kulitamka neno hilo sikuwahi kumwita jengine. Alikuwa mtu mzima wa kumzaa mama yangu, mimi mtoto wa nyumba ya pili, lakini tuliitana sawasawa, Somo kwa Somo. Wageni walicheka wakisikia bibi kizee akimwamkia mtoto wa darasa la tatu "Somo wangu, waonaje hali?" kwa heshima zote. Yeye hakucheka. Alisema jina letu ni nyumba moja tunayokaa wawili, na mmoja akiichafua, mwengine ndiye atakayefagia.

Ameshatangulia mbele ya haki. Nimebaki na jina peke yangu, pamoja na jozi ya glavu nyeusi ambayo gumba lake la kushoto linapitisha upepo. Mafundi wawili wameshajitolea kulishona upya na wote nimewakatalia. Wananiona mkaidi, na mimi sina haja ya kuwaeleza. Nitaeleza hapa.

Somo alikuwa mshona kofia. Nasema zile kofia nyeupe za mkono zilizojaa maua ya uzi wa hariri na vitobo vidogo vidogo, ambazo mwanamume wa mji huivaa ya kwake Ijumaa na Idi akajiona sultani. Kila kitobo alikitoboa kwa msumari mwembamba aliounoa mwenyewe, kisha akakizungushia uzi ukingoni kisifumuke. Kofia moja ilimla miezi mitatu, minne. Ukimuuliza vitobo vile ni vya nini, jibu lake lilikuwa moja tu miaka yote: na kichwa nacho kipunge upepo.

Upepo ndio uliokuwa starehe yake. Kiti chake kilikaa dirishani mwa ukumbi wa juu, huko Kibokoni, mahali ambapo kijia chembamba huvuta hewa kutoka baharini. Aliweza kukwambia upepo umegeuka kabla hujaona nguo ya mtu yeyote ikitikisika kambani. Kiti kiliwekwa pale kwa ajili ya upepo, hivyo ndivyo alivyoapa, si kwa ajili ya kuchungulia watu, kwa kuwa umbeya aliuchukia. Basi mtu huyu asiyependa umbeya alijua nani kanunua kochi jipya, nani kanuniana na wifi yake, na mkate wa mofa wa nyumba gani umeungua. Ikifika Magharibi alilifunga dirisha kwa komeo mbili, maana upepo wa saa hiyo, alisema, una wenyewe. Mchana aupende kama mwana, jioni aufungie nje kama mwizi. Sikuwahi kumwelewa, wala hakuona kuwa kuna cha kueleweka.

Mtoto wa kwetu humwamkia mkubwa wake kwa kumbusu mkono. Mkono wake ulikuwa laini kiganjani, lakini ncha ya kidole cha shahada ilikuwa ngumu, imedungwadungwa na sindano hata ikawa na ngozi isiyofanana na ya mwili mwengine. Mpaka leo nikifumba macho midomo yangu inaikumbuka ncha ile. Wengine huwakumbuka watu wao kwa sauti au kwa udi. Mimi nina kidole.

Alinifundisha kushona nilipokuwa na miaka tisa, na neno lililotoka kinywani mwake mara nyingi kuliko bismillahi lilikuwa "Fumua." Unafanya kazi mchana kutwa, mgongo unakuuma, unampelekea, anaigeuza upande wa nyuma, maana upande wa mbele hakuutazama kabisa, kisha anakurudishia. "Fumua." Hakupandisha sauti wala hakueleza sababu. Siku moja nilinuna, nikakaa kwetu siku nne bila ya kukanyaga kwake. Siku ya tano nilipiga hodi, akanikaribisha, akaniwekea kaimati kwenye kisahani, na kile kitambaa changu kilikuwa palepale juu ya mkeka kikinisubiri nikifumue.

Na ni mtu huyohuyo aliyenifundisha kwamba ukipewa kitu unakipokea kwa mikono miwili, unakisifu, na kasoro zake unazimeza. Jirani akileta pilau iliyozidi chumvi, alikula, akamwombea dua mpishi, kisha akanywa maji mtungi mzima. Kazi ilikuwa na sheria yake, na zawadi ilikuwa na sheria yake. Ila hakunifundisha nifanye nini siku ambapo kazi na zawadi zitakuja kuwa kitu kimoja.

Siku hiyo ilikuja nilipopata kazi ya ualimu Nanyuki. Aliniuliza Nanyuki ni wapi. Nikamwambia ni chini ya mlima wenye barafu kileleni. Aliitazama mikono yangu. Kesho yake aliniita, akanilaza mkono juu ya karatasi ya kaki, akauchora kwa penseli kidole baada ya kidole, kama fundi viatu achoravyo mguu. Hapo nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tano, na penseli ilipopita kati ya vidole nilitekenyeka nikacheka kama mtoto. Alinikaripia nitulie.

Neno glavu halikumkaa ulimini. Kwetu vitu vile ni soksi za mikono, vile vyeusi ambavyo wanawake huvaa na buibui, vinavyobana mkono sawasawa, na uzuri wake ni kubana. Baridi kwake ilikuwa ile ya benki, ambayo aliiendea na leso ya pili ya kujifunika mikono. Kwa hiyo alishona kwa elimu aliyokuwa nayo. Kitambaa cheupe mara mbili, uzi wa hariri, ua juu ya mgongo wa mkono, na kutoka kwenye ua lile safu za vitobo zikishuka mpaka kwenye kucha. Vilikuwa vitobo vizuri kuliko vya kofia yoyote niliyowahi kuiona kichwani mwa mtu.

Tena alizifanyia mtihani. Kulikuwa na mwenye duka mmoja Bondeni, Muhindi mpole aliyemuuzia nyuzi tangu ujana wao, na dukani mwake mlikuwa na friza ya nyama na malai. Somo alimwomba amfungulie. Akavaa glavu moja, akautia mkono katikati ya paketi za nyama, akasimama pale akisoma salawati mia moja huku wateja wakisubiri. Alipoutoa alitangaza kuwa hakuhisi kitu. Mwenye duka alikuwa shahidi, na kila aliyemuuliza alimthibitishia.

Friza haina upepo. Mimi nilikuja kulijua hilo juu mlimani, alfajiri, nikiwa na walimu wenzangu ambao siku za likizo hupenda kupanda. Tulipotokeza nje ya msitu, kwenye nyasi ndefu, upepo ulikuja kutoka kileleni ukaingia katika vitobo vile kimoja kimoja. Ni upepo ambao sisi watu wa kisiwani hatukuzaliwa nao. Wetu mtu huutafuta, hutoka nyumbani akavuka mji mzima kwenda kuupunga. Ule wa mlimani ndio unaokutafuta wewe. Vidole vyangu viliuma, vikawa vyeupe, kisha vikaacha kuuma, na hapo ndipo nilipoogopa. Pini ya mtandio ilichomoka na mtandio ukataka kwenda zake, na mimi siwezi kuishika pini, siioni kwa vidole. Mwalimu wa hesabu, mtu wa Nyeri, alinishikia mtandio akiwa amegeuza uso pembeni kwa haya, kisha akafungua mkoba wake akanipa soksi zake safi. Soksi za miguu. Nikazivaa mikononi nikapanda nazo, na glavu za Somo nikazikunja nikazitia mfukoni kwa upole, kwa sababu zilikuwa nzuri na hazikuwa na kosa.

Jioni alinipigia simu. Aliuliza jambo moja tu, kama zimenifaa. Nikamjibu zimenifaa sana, na kila mtu ameuliza nani kazishona. La pili lilikuwa kweli.

Laiti ingeishia hapo. Lakini Somo alifurahi, na Somo akifurahi hushona. Mtaa mzima ulipata habari kuwa kuna mikono inapanda mlima wa barafu kwa kazi ya Kibokoni. Aliniletea jozi ya pili, na hii ilikuwa na vitobo zaidi, kwa kuwa vya kwanza vilisifiwa. Akaanza ya tatu. Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kumchosha. Alisogeza kiti mpaka karibu atoke dirishani, akitafuta mwanga. Kila likizo nilimkuta ameinama juu ya kitambaa, na kila likizo nilijiambia leo nitasema. Kisha huniuliza, nami husifu. Naliona vibaya hata kuliandika: mwanamke yule alitoa mwanga wa macho yake wa mwisho kwa ajili ya adabu yangu.

Alikuwa na kiapo kuwa hatakanyaga Makupa, kwa malori yake na vumbi lake. Hata hivyo aliyemfungua macho alikuwa muuza mitumba wa Makupa. Somo alikwenda huko kutafuta kitambaa chepesi cha kutia ndani ya ile jozi ya tatu, na jozi yenyewe alikuwa nayo mkobani. Muuzaji alikuwa mtu wa bara, wa Kinangop, ambako alisema asubuhi majani huwa meupe kwa baridi. Aliipokea glavu, akaigeuza huku na huku, akaisifu mpaka akawaita wenzake waje kuiona. Halafu akauliza kwa heshima kama Mama anazipeleka harusini. Somo akamwambia ni za mlimani. Yule bwana akaisogeza glavu mdomoni na kupuliza, na pumzi yake ikatokea upande wa pili, ikampata Somo kwenye kifundo cha mkono.

Hakunipigia simu kuniambia. Jozi ya tatu aliifumua, uzi wote, akauzungushia kwenye kibao. Na tangu siku ile bibi wa watu akawa mwanafunzi wa Makupa. Alirudi mara nne. Alipekua marundo ya glavu ambazo Mombasa hakuna azitakaye, na kila moja aliibusu, maana ndivyo ilivyoonekana kwa wapita njia: bibi mwenye buibui ameshika glavu kwa mikono miwili akiipuliza. Walimcheka, na muuzaji akawa anawakemea. Za sufu alizitupa, pumzi inapita kama hakuna kitu. Za ngozi alizikataa kwa uzito, akisema mikono si ya kubebeshwa mizigo. Za mpira za wenye pikipiki alikwenda nazo nyumbani kwanza, akakaa nazo mkononi nusu saa, jasho likamjaa, na alipozirudisha muuzaji akamwambia jasho hilo huko kwao juu ndilo linalogeuka barafu. Zilizojaa pamba hazikushinda mtihani wa pini. Mtihani huo aliutunga mwenyewe: pini ya mtandio juu ya meza, uiokote na uifunge ukiwa umevaa. Mwanamke asiyeweza kufunga mtandio wake amevaa mfuko, alisema, hakuvaa glavu.

Aliyoipata mwisho ilikuwa nyeusi, nyembamba, haina ua wala rangi. Nje inateleza, ndani ina manyoya mafupi, na jozi nzima ni nyepesi kama karatasi ya kishada. Aliurowesha mkono wake maji, akaivaa, akakaa mbele ya panka lililofunguliwa mpaka mwisho. Mkono haukujua kama kuna panka. Lakini ilikuwa kubwa, ya mkono wa mwanamume. Basi akaitoa ile karatasi ya kaki aliyonichora zamani, akaipunguza ile glavu kwa kipimo changu, akiacha nafasi kidogo kila kidole, kwa kuwa aliambiwa mkono uliobanwa ndio unaoganda. Miaka yote aliamini kinyume chake.

Hayo yote nilikuja kuyasikia Desemba, nilipokwenda nyumbani na kumkuta amelala. Kitanda kilikuwa kimehamishiwa ukumbini, karibu na lile dirisha. Alikuwa amekonda, na mkono nilioubusu ulikuwa wa moto. Mpwa wake, aliyekuwa akimuuguza, alitoka kwenda kuweka chai. Somo alingoja mlango ufungwe.

"Zile za vitobo," alisema, "zilikufaa?"

Sifa zilikuwa tayari ulimini, nilikuwa nimezizoea. Akanizuia kwa kuinua kidole chake kile.

"Usinipe adabu, Somo. Nipe habari."

Nikampa. Nilimweleza vidole vilivyokufa, pini iliyoanguka, mwalimu wa hesabu alivyogeuza uso, nikafika kwenye soksi. Kwenye soksi alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikaogopa, akanipa ishara niendelee. Nilipomaliza nilikuwa nalia na yeye hacheki tena.

"Mtu asonijua kaniambia kweli kwa pumzi moja," alisema. "Wewe, jina langu, hukuniambia. Mara ngapi nimekwambia fumua? Ulinuna, siku nne, kisha ukaja. Mimi umenionaje, siwezi kununa nikaja?"

Alivuta mkoba kutoka chini ya mto akanipa zile nyeusi, akanihadithia Makupa yote, taratibu, akipumzika katikati. Halafu akaweka sharti. Nipande nazo, nirudi na habari, na habari niilete mwenyewe kwa miguu yangu. Kwa simu hataki kusikia neno, kwa sababu simu ndiyo niliyomdanganyia.

Nilipanda wikendi ya kwanza niliyoipata baada ya shule kufunguliwa. Upepo ulikuwa uleule, na mahali palepale nyasi zinapoanza nilisimama nikaungoja kama mtu anayengoja kuitwa mbele ya hakimu. Ulikuja. Mikono yangu ikakaa kimya. Mtandio ulipofumuka nilichomoa pini, nikaufunga upya bila kuvua chochote, na mwalimu wa hesabu akapiga makofi. Nikaona raha ambayo siwezi kuieleza. Kisha nikahisi kitu kwenye gumba la kushoto, baridi nyembamba, uzi mmoja tu. Pale alipopunguza mshono sindano yake ilipita mara mbili, na matundu ya sindano yakabaki wazi.

Haya sasa. Mpwa wake alikuwa ameshanipigia, kuwa Somo hali tena, na kama nina safari niiharakishe. Kutoka Nanyuki mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi mpaka pwani, kichwa changu kilifanya biashara na nafsi yangu. Ni tundu la sindano. Mtu anakufa, ataumia nini akisikia kumi kati ya kumi? Nani mwenye roho ya kumwambia mgonjwa kuwa kazi yake ya mwisho ina kasoro? Nilivuka Makupa asubuhi nikiwa nimeshaamua kumwambia zimenifaa zote. Niliposhuka mjini nikaamua vyengine. Kwenye ngazi za nyumba yake sikuwa najua nitasema nini.

Dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwa mzuri. Macho yake yalikuwa yamefumba, lakini nilipombusu mkono alijua ni nani.

"Haya," alisema. "Habari."

"Vidole tisa havikujua kama kuna upepo, Somo." "Gumba la kushoto linapitisha. Kwenye mshono. Lafaa lifumuliwe."

Alifumbua macho. Alinitazama kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akiutazama upande wa nyuma wa kitambaa changu. Kisha akanyoosha mkono aletewe glavu. Nilimshikia, maana hakuwa na nguvu. Akaliweka lile gumba midomoni, nami nikaweka kiganja changu upande wa pili, akapuliza. Ilikuja pumzi nyembamba, ya joto, ikanigusa pahala pamoja tu.

"Waihisi?"

"Naihisi, Somo."

Akakirudisha kichwa kwenye mto, na uso wake wote ukatulia.

"Alhamdulillahi," alisema. "Sasa naamini vile tisa."